Wengineo wa Nuktani

Namna nilivyofika Nuktani si habari ya kumpotezea mtu muda. Anayetaka kuijua njia na awaulize wanaosafiri sana. Mimi nataka kusema niliyoyaona, na nitayasema kama yalivyo bila kutia chumvi, ingawa kuna mahali mkono wangu uliitamani sana chumvi.

Niliitwa huko kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mhariri wa vitabu, nimezeekea kazini, na ukiniwekea Kiswahili, Kiingereza na Kilatini kidogo nilichofundishwa na masista shuleni, sijaona mtu wa rika langu wa kunitisha. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa Wanuktani wenyewe ndio walionitafuta: walikuwa na mgogoro juu ya alama fulani za Kilatini, wakataka mtu wa kuja kuwaeleza zilikotoka.

Maana Nuktani ni nchi inayotawaliwa na vifupisho. Wenyeji wana lugha yao, nyepesi na tamu, wanayoitumia nyumbani, sokoni na wanapogombana. Lakini hati ya serikali haikubaliwi, jiwe halichongwi wala hotuba haisomwi mpaka inyunyiziwe zile alama ambazo Waingereza nao wanazo vitabuni mwao: etc., e.g., i.e., ibid., N.B., na nyingine za ukoo huo. Zote ni Kilatini kilichokatwa mkia. Et cetera ni "na vinginevyo", exempli gratia ni "kwa mfano", id est ni "yaani". Nilimuuliza karani mmoja kwa nini asiandike tu "yaani" kwa lugha ya mama yake, akanitazama kana kwamba nimemwambia aje ofisini amejifunga taulo.

"Nikiandika hivyo, Bi Mhariri," akasema, "watajuaje kwamba nimesoma?"

Kisha akaniuliza kwetu mambo yakoje, kama hukumu na mikataba yetu huandikwa kwa lugha ya wanaohukumiwa na wanaotia sahihi. Nikamwambia hiyo ni habari ndefu, na kwamba mimi nimekuja kuuliza, si kuulizwa.

Siku za mwanzo nilitembezwa kuona maajabu ya nchi. Alama yao ya N.B. ni nota bene, "angalia vizuri". Kila tangazo la Nuktani huanza nayo, kwa hiyo hakuna anayeangalia kitu. Kando ya soko kuna shimo la maji machafu lenye kibao kikubwa kilichoandikwa N.B. bila neno jingine. Nilimwona bwana mmoja akisimama mbele ya kibao hicho, akavua kofia kwa heshima, akapiga hatua, akatumbukia.

Alama ya ibid. ni "palepale". Mahakimu wanaipenda kwa kuwa inawapunguzia kufikiri. Gerezani nilimkuta mzee aliyefungwa kwa hukumu ya ibid., maana yake kama kesi iliyotangulia. Kesi iliyotangulia nayo ilikuwa imeandikwa ibid. Mwanawe alirudi nyuma kesi kwa kesi mpaka akamfikia hakimu aliyekwisha kufa zamani, ambaye alimfunga mtu kwa kuiba bata. Yule mzee hajawahi kufuga bata, hajawahi kula bata, na aliponiuliza bata yukoje nilimchorea mchangani. Wakuu wa sheria waliniambia kwamba mahakama za Nuktani zinasifika kwa kutoyumba.

Barazani nilimsikia mjumbe akieleza kwamba maji ya bomba yamefika kila mahali, e.g. nyumbani kwake. Wenzake wakampigia makofi.

Hayo yote niliyacheka, na mcheka kilema hachelewi kukipata, lakini nilicheka. Kuna mawili ambayo sikuweza kuyacheka.

La kwanza ni R.I.P. Ni Kilatini cha "apumzike kwa amani". Sisi kwetu msiba ni kukaa. Mtu huacha shughuli zake, akatandika mkeka, akala wali wa matanga, akasimuliwa marehemu alivyokuwa, alichopenda na alivyokuwa mbishi. Nuktani, mkubwa akifiwa na mtu wake wa kazi huja mlangoni kwa wafiwa, husema herufi tatu, R.I.P., hugeuka akaenda zake. Hakai. Hajui hata kama nyumba ile ina viti.

La pili ni et al., "na wengine". Sheria ya Nuktani inasema kwamba kitu kikifanywa na watu wengi, litaandikwa jina moja, kisha et al., kisha nukta. Wanaoandikwa huitwa Watajwa. Waliobaki huitwa Wengineo, na mtoto wa Wengineo huzaliwa Wengineo. Daraja la zamani la Mto Chungwi lilikuwa na jiwe lililochongwa "Mtumweni et al." Kwa ajili ya jina hilo, wajukuu wa Mtumweni walikuwa wakivuka wa kwanza kila sikukuu, wakitembea taratibu ili waonekane. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kushika mwiko wa kujengea.

Mgogoro nilioitiwa ulitoka hapo. Daraja la zamani lilianguka, na waashi wa Nuktani walikuwa wakijenga jipya, upinde mmoja mkubwa wa mawe kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Upinde wa namna hiyo, nilivyoelezwa, haujiwezi mpaka utimie. Hubebwa na magogo yaliyosimamishwa mtoni, mpaka lije litiwe jiwe la katikati kabisa, jiwe la kufungia. Hilo likishaingia, mawe hubanana na kujishika yenyewe, na magogo hayana kazi tena. Jiwe hilo moja ndilo lililokuwa limebaki. Waashi walikuwa wameweka zana chini na kukataa kulitia. Nako milimani mvua zilikuwa zimeshaanza, na kila mtu alijua kwamba maji yakipanda yakayabeba magogo kabla ya jiwe kuingia, kazi yote itakwenda mtoni.

Aliyewaongoza katika kugoma kwao ni fundi mkuu wao, Bi Mize Shangwe. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake kabla ya kwenda Barazani. Nilimkuta mwanamke wa umri wangu, mrefu, mabega mapana, chokaa imemwingia kucha na haitoki tena. Alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Karibu, dada. Ndiwe uliyeletwa kuja kutufupisha?"

"Mimi hufupisha miswada mibaya tu," nikamwambia. "Watu sijawahi."

Akacheka, akanivutia kiti. Kahawa ilipokuja alinisimulia habari za Kheri, mdogo wake wa tumbo moja. Kheri alikuwa akiimba kazini, tena akiimba vibaya, mpaka wenzake wanamrushia kokoto. Alikuwa akigonga jiwe kwa kifundo cha kidole na kukuambia kama lina ufa ndani. Alikuwa mwongo wa samaki: kila samaki aliyemkosa alikuwa mkubwa kuliko mtumbwi. Siku ya kusimamisha magogo mto uliwachukua watatu, Kheri na mafundi wenzake wawili, Mwinyikai na Hiari, na walipopatikana chini ya maji, Kheri alikuwa bado amemshika Mwinyikai mkono.

"Mheshimiwa Ngwali akaja hapo mlangoni," Bi Mize akasema. "Akasema ar-ai-pi. Nikamwambia, karibu ukae, Mheshimiwa. Nikaingia ndani kutoa kahawa. Nilipotoka nayo, nimeukuta mgongo wake umeshafika barabarani."

Akaipangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

"Sitaki wanipe chochote, dada. Nataka jina la Kheri lisomwe. Na la Mwinyikai, na la Hiari, na la kila aliyeweka jiwe pale. Wao wanataka wachonge 'Sefu Mtumweni et al.' Huyo Sefu alikuja mtoni mara moja, akalowa viatu, akaenda nyumbani kuvianika. Mpaka leo havijakauka."

"Na maji yakipanda, Bi Mize? Daraja likianguka?"

Uso wake ulibadilika, nikaona kwamba nimegusa pale penyewe.

"Hilo usiniulize," akasema. "Hilo nalala nalo, naamka nalo. Kila jiwe pale nalijua kama mtoto. Lakini nikilitia leo, kesho wataandika Sefu, na Kheri atakuwa nukta."

Baraza lilikutana siku iliyofuata. Mwenyekiti wake ni Mshika Nukta Mkuu, cheo kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa ni yeye peke yake anayeruhusiwa kutia nukta ya mwisho katika sheria. Huyo ndiye Mheshimiwa Ngwali. Nilitegemea kumwona jitu la kutisha, nikamwona bwana mpole, nadhifu, mwenye sauti ya chini, anayeipenda nchi yake kwa dhati. Aliamini kwamba ufupi ni adabu, na kwamba taifa lenye maneno mengi ni taifa lisilooga.

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Sefu Mtumweni mwenyewe. Alisema yeye binafsi hana tamaa ya jina, ila anawahurumia watoto wa shule watakaochoka kusoma jiwe refu. Akafuata Bi Saumu, anayejulikana Nuktani kwa mawazo yake ya kimapinduzi. Alitoa hoja kwamba et al. iandikwe, lakini kwa herufi kubwa. Makofi yalikuwa mengi na watu wazima wawili walilia. Kisha mjumbe mmoja mzee akauliza kwa nini isitumiwe etc., ambayo hata watoto wanaijua. Karani akainuka kwa unyenyekevu, akakumbusha kwamba etc. husemwa zaidi kwa vitu, na et al. kwa watu.

Hapo mjadala ukachangamka. Je, waashi wa daraja ni watu au ni vitu? Upande mmoja ulisema ni watu, kwa kuwa hula. Upande wa pili ulisema punda naye hula. Ikaundwa kamati ndogo, ikatoka nje, ikarudi, ikaomba muda zaidi. Bi Mize na wenzake walikuwa wamesimama nyuma, wameegemea ukuta, wakisubiri kujua wao ni nini.

Ndipo nikaitwa mimi. Nilikuwa nimeshakasirika, na mimi nikikasirika husema vizuri.

"Walioanza mikato hii hawakuwa watu wa kujikweza," nikawaambia. "Walikuwa waandishi wa mkono wa zama ambazo karatasi haikuwako. Waliandika juu ya ngozi za kondoo na ndama, na kitabu kimoja kikubwa kiliweza kula kundi zima. Ngozi ilikuwa adimu, baridi kali, vidole vimekufa ganzi. Wakayakata maneno yanayojirudia, wakatia alama, na msomaji wa wakati ule alijua kilichokatwa. Hata hiyo viz. yenu, yaani videlicet, 'ambayo ni', herufi yake ya mwisho haikuwa z; ulikuwa mkato wa kalamu, watu wa baadaye wakaudhania z. Kilatini kikatoka midomoni mwa watu, vipande vyake vikabaki vitabuni, Waingereza wakavirithi, na ninyi mkavirithi kwao bila kuuliza hata swali moja. Wale walibana kwa uhaba. Ninyi mna uhaba gani?"

Mheshimiwa Ngwali akanisogelea kwa upole.

"Tunakushukuru, Bi Mhariri. Lakini tuambie kweli. Hao Warumi wenyewe, wenye lugha, hawakufupisha hata juu ya mawe?"

Ilinibidi niseme kweli, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Nikasema ndiyo, makaburi yao na malango yao yamejaa herufi moja moja.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kuchonga jiwe kunachosha mkono."

"Naam," akasema Ngwali, akawageukia wajumbe huku akitabasamu. "Hata mawe."

Nikaona nimeizamisha hoja yangu kwa ulimi wangu, nikaumia. Lakini sauti ikatoka kule ukutani, na haikuomba ruhusa.

"Dada, hebu rudia hapo. Aliyefupisha ndiye aliyechoka mkono, sivyo?"

"Ndivyo, Bi Mize."

"Basi nawauliza ninyi mliokaa." Alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi, na askari wa mlangoni hawakujua wafanye nini naye. "Mmechoka nini? Patasi ni zetu. Nyundo ni zetu. Jiwe tumelibeba sisi kutoka machimboni, na mikono itakayochonga ni hii hapa. Tukichoka tutawaambia. Hatujachoka!"

Waashi wakaitikia kwa pamoja, "Hatujachoka!" mpaka madirisha yakatetemeka. Wajumbe walitazamana, na kila mtu akaisikia mvua imeanza kupiga juu ya paa. Sidhani waliona haya. Waliogopa kwa ajili ya daraja. Wakapiga kura upesi upesi kwamba majina ya waashi wote yachongwe, kikao kikafungwa, nami nikatoka nje nikitembea kama mtu aliyeshinda vita.

Asubuhi Mheshimiwa Ngwali alikuja mtoni mwenyewe na hati. Mto ulikuwa umeshakuwa mwekundu kwa udongo, na magogo yalikuwa yakilia. Waashi wakakusanyika. Karani akasimama juu ya lundo la mchanga, akasoma:

"Baraza limeamua kwamba majina ya waashi wote yachongwe kikamilifu katika jiwe la daraja, viz. Kheri Shangwe et al."

Akakunja karatasi. Nukta ya mwisho ilikuwa imetiwa na Mheshimiwa kwa mkono wake, nyeusi, ya mviringo, safi kabisa.

Mpaka leo naamini kwamba Ngwali hakuwa akidhihaki. Alikuwa anatabasamu. Aliliondoa jina la mkubwa akaweka la mwashi, tena marehemu, na katika nchi ile hakuna aliyewahi kufanya ukarimu kama huo. Alisubiri ashukuriwe. Kwamba ameamriwa kuandika majina yote na ameandika moja, hilo hakuliona kabisa. Mkono wake ulikuwa haujui kwenda mbali zaidi.

Bi Mize alisimama na ile hati. Jina la ndugu yake lilikuwa pale, la kwanza, mbele ya yote, lile lile alilolililia. Nilimwona akilipapasa kwa kidole. Mjane wa Mwinyikai, ambaye alikuwa mchanganya chokaa wao, akainamisha kichwa.

"Kubali, Mize," akasema polepole. "Wako apate."

Bi Mize alimgeukia, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Apate nini, shoga yangu? Yule alikufa amemshika Mwinyikai mkono. Leo mimi ndiye nije niwaachanishe?"

Akamrudishia karani hati. Mheshimiwa Ngwali alishangaa, kisha akaudhika, kama mtu aliyetoa zawadi ikakataliwa.

"Basi hamjui mnachotaka," akasema. "Msipotia jiwe, mto utalichukua daraja, na lawama itakuwa yenu."

"Lichukuliwe daraja la nani?" Bi Mize akasema. "Daraja hili ni letu. Litaanguka kwa ajili ya nukta yako, Mheshimiwa? Hata siku moja." Akajifunga kanga kiunoni, akapaza sauti. "Haya, watoto wa mama zenu! Jiwe!"

Sikuwa nimewahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Kamba zilikazwa, jiwe likainuka, likayumba juu ya maji, likashushwa kidogo kidogo huku Bi Mize amelala kifudifudi ukingoni akiongoza kwa kiganja. Likaingia nusu, likagoma. Wakaligonga kwa nyundo za mbao, mmoja anaitikia mwenzake, na nikausikia mlio ukibadilika, ukatoka kwenye ukavu ukawa mzito. Upinde wote ukatulia. Saa za alasiri maji yalipanda yakayang'oa magogo, yakayapeleka chini yakizunguka, na daraja likabaki limesimama juu ya mto peke yake. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, na mimi nilikuwamo. Kwa umri wangu na elimu yangu, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Kisha wakachukua patasi. Hawakuomba kibali. Kila mmoja alikwenda kwenye ukuta mfupi wa daraja, akachagua mahali, akachonga jina lake kamili. Wasiojua kuandika waliandikiwa kwa makaa na wanaojua, wao wakafuata kwa patasi. Mjane alichonga la Mwinyikai, herufi zinapanda na kushuka. La Hiari alilichonga baba yake. La Kheri alilichonga Bi Mize, na alilichonga jirani kabisa na la Mwinyikai. Hapakuwa na nukta mahali popote.

"Acheni!" Ngwali alipiga kelele. Alibaki ng'ambo, hakuthubutu kulikanyaga daraja jipya. "Hiyo si sheria! Mtashitakiwa!"

"Tushitaki, Mheshimiwa," Bi Mize akajibu, hata kichwa hakuinua.

"Karani! Andika: Mize Shangwe et al."

Karani alifungua kalamu, akasita, akaifunga.

"Mheshimiwa," akasema kwa aibu, "mashitaka hayafupishwi."

Ndivyo ilivyo Nuktani. Sifa hufupishwa, lakini kosa halifupishwi. Sheria yao ya jinai inataka kila mshitakiwa aandikwe kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha yasomwe yote kwa sauti mbele ya watu na kuhifadhiwa milele, ili mkosaji asipate kujificha nyuma ya mwenzake. Nchi nzima nilikuwa nikitafuta mahali ambapo mtu wa Wengineo ameandikwa mzima mzima, na mahali penyewe ni hapo. Karani alikaa juu ya jiwe akaanza kuandika majina yaliyochongwa, moja moja. Kila baada ya muda alikuwa akivikunja vidole na kuvinyoosha.

Siku ya kesi waashi walikuja mahakamani kama watu wanaokwenda harusini. Wanaume wamevaa nguo zilizopigwa pasi, wanawake wamejitanda kanga mpya, wengine wamekuja na watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Ukumbi haukutosha, watu wakajaa madirishani. Bwana Sefu Mtumweni alikuwepo pia, amekaa mbele.

Karani akaanza kusoma. Alikuwa hajazoea kusoma majina mazima, sauti yake ilikuwa ikijikwaa, kisha ikazoea. Kila aliyetajwa alisimama, akasema, "Mimi," kwa sauti ambayo hakuna mshitakiwa aliyewahi kuitoa, na nje watu wakawa wanaitikia kwa jina hilo hilo. Hakimu aliomba waharakishe. Hawakuharakisha. Bwana Sefu alisikiliza jina baada ya jina, ameinamisha sikio, na lake halikuwamo. Nilivyojivunia watu wale siku ile, sikumbuki kama nimewahi kujivunia chochote nilichokiandika mwenyewe.

"Kheri, mwana wa Shangwe, mwana wa Mbwana," karani akasoma.

Hakuna aliyesema "Mimi." Hakimu akainua macho.

"Yuko wapi huyu?"

Bi Mize, ambaye alikuwa ameshasimama kwa jina lake, akasogea hatua moja mbele.

"Alikwenda mtoni, Mheshimiwa Hakimu. Hakurudi."

Hakimu alifungua mdomo, na niliziona zile herufi tatu zinakuja. Hakuzisema. Huenda ni kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Akaishusha miwani yake, akauliza, safari hii kwa sauti ya kawaida, ya mtu na mtu:

"Basi nani atamjibia? Anashitakiwa kwamba jina lake limo katika daraja."

"Nitamjibia mimi, dada yake," akasema Bi Mize. "Ni kweli. Alilijenga."

Hakimu akamwambia karani aandike jibu hilo. Karani akachovya kalamu, akaliandika lote.